Kompyuta ya Mama Mwalimu

Tulimaliza matanga ya Mama Mwalimu Jumamosi iliyopita, kule kule Tabata, kwenye nyumba ile ile yenye kibaraza cha sakafu nyekundu. Nilitoka Madale, ninakoishi siku hizi, mapema nikafika kabla turubai halijajaa, na kwa kuwa magoti yangu siku hizi hayaelewani na viti vya plastiki, nilikaribishwa sebuleni. Sikulia. Mama alikuwa ameishi miaka yake yote na mingine ya nyongeza. Asubuhi ile alikunywa uji wake, akasema anajilaza kidogo, basi. Kifo cha namna hiyo hata wafiwa wanakisimulia kwa sauti ya kawaida. Nilikaa kwenye kochi nikaanza kuiangalia sebule niliyoifahamu kuliko ya mama yangu mzazi. Friji ilikuwa na kitambaa. Televisheni ilikuwa na kitambaa. Redio, stuli, meza ya kioo, migongo ya makochi na mikono yake, hata saa ya ukutani, vyote vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe vya kufuma kwa mkono, vilivyotiwa wanga vikakakamaa. Kwenye kona, juu ya meza ya mninga, palikuwa na kompyuta ya zamani, ile yenye kisogo kirefu, na hiyo peke yake ndiyo haikuvaa kitu. Mgeni mmoja aliyekaa karibu nami alisema labda katika pilikapilika za msiba wameisahau. Nilijua haikusahauliwa, na kwa kuwa ndizi zilikuwa bado jikoni, nilipata muda mrefu wa kuukumbuka mwaka ule.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Habari za nyumbani kwetu na safari ya kuja mjini nitaziacha, maana kila mtu anazo na zinafanana. Naanzia kwenye chumba. Kilikuwa cha uani, na dirisha lake lilikuwa karibu mno na jiko la Mama Mwalimu, hivyo kitunguu akimenya yeye, mwenye kulia nilikuwa mimi. Chumba cha jirani alikaa Bakari, mchongaji wa vinyago kutoka Newala, kijana mrefu na mkimya ambaye kila jioni alirudi na vumbi la mpingo kwenye nyusi. Mama Mwalimu alikaa nyumba kubwa peke yake. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na alipostaafu alipumzika wiki moja tu, kisha akaanzisha chekechea pale kibarazani. Kila asubuhi niliamshwa na watoto wakiimba a, e, i, o, u, na harufu ya uji wa ulezi uliokamuliwa ndimu. Kikombe kimoja cha uji huo kilikuwa changu. Kilifunikwa kisosi kikawekwa kwenye kizingiti cha dirisha langu, na mwaka mzima sikumbuki siku kilipokosekana. Jumapili tulikula sebuleni watu watatu: Mama alipika ndizi, Bakari alileta samaki kutoka Kunduchi alikokuwa na ndugu, na mimi, ambaye mapishi yangu wote wawili walikwisha kuyaonja, niliombwa kwa heshima zote nilete soda.

Kompyuta aliletewa na kaka yake, ofisi yao ilipobadilisha za zamani. Ilikuja nyuma ya pikapu, na mtaa mzima ulisimama kuishuhudia ikishushwa. Wiki ile ile Mama alishika sindano ya kufumia akaitengenezea mavazi kamili: kitambaa cha kioo, kitambaa cha boksi lake, kitambaa cha kibodi, na kijitambaa kidogo cha kipanya ambacho Bakari alikiita kofia. Nilipomuuliza kwa nini, alinishangaa mimi. Alisema kitu kikiachwa uchi sebuleni, mgeni ataona mwenye nyumba hakukipenda. Nilimkubalia, kwa sababu hata kwetu redio ilikuwa na chake, na nyumba zote nilizowahi kuingia zilikuwa hivyo. Kompyuta ikawa inawashwa Jumapili baada ya ibada, wageni wakiwepo. Mama alikunja kitambaa cha mbele taratibu, kama anavyofunuliwa bibi harusi, akabonyeza, na ilipokuwa inanguruma ikijitafuta, yeye alimimina chai. Kikombe cha kwanza kiliisha kabla kioo hakijaonyesha kitu. Zikitokea picha za mawingu, wageni walisema maendeleo hayo, Mama aliizima, akaifunika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote duniani.

Habari mbaya niliisikia nikiwa bafuni. Bafu letu lilikuwa la mabati, na bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa mabati hayo, kwa hiyo mtu ukitaka kujua mambo ya Tabata ulitakiwa tu kujipaka sabuni na kutulia. Asubuhi hiyo walikuwa wawili. Mmoja nilimtambua kwa sauti, Mama Zuhura, muuza vitenge, ambaye mwanawe alikuwa darasa la wakubwa pale kibarazani. Alikuwa anamweleza mwenzake kuhusu shule mpya iliyofunguliwa barabara kubwa, yenye basi la njano na chumba kizima cha kompyuta. Mtoto wa jirani yake alikuwa ameshika kipanya, alikuwa anajua kubonyeza.

“Sie hatuna neno na Mama Mwalimu,” alisema. “Anafundisha na roho yake. Lakini ni kuimba na kuandika mchangani, basi. Dunia imeshaenda, shosti. Januari mie namhamisha wangu, na wengine nao wanasemaga hivyo hivyo.”

Nilijimwagia maji haraka nikatoka, macho yananiwasha kwa sabuni. Mama Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na chekeche ya unga mkononi, hatikisi chochote. Alikuwa amesikia yote. Aliniitikia shikamoo yangu kama kawaida akaingia ndani, na uji siku hiyo ulikuwa na madonge. Jumapili, tukiwa mezani, alisema mwenyewe bila kuulizwa. Watoto wasiporudi Januari atafunga chekechea na kurudi Bukoba kwa kaka yake. Bakari akasema si vibaya, atapumzika. Mama aliweka kijiko chini. Alisema wifi yake ni mtu mwema sana na ndiyo taabu yenyewe, atamwekea kiti kivulini na kumpikia asubuhi na jioni, hatamwachia hata kuchambua mchele. “Nitakaa pale kama kifurushi,” alisema. Nilimtazama mwanamke yule aliyekuwa hajui kukaa, nikaona kabisa kwamba kiti hicho kingemmaliza. Ndizi zilipoa kwenye sahani.

Mimi nilikuwa karani katika duka la stesheneri Kariakoo. Nilichapa barua, mitihani na kadi za harusi, nikatoa kopi, nikaingiza picha za watu kwenye kompyuta kwa mashine ya dukani. Bosi wangu, mzee mwenye subira na kikohozi, alikuwa amewahi kununua diski ya programu moja iliyokuwa inapendwa sana wakati ule, ya kuunganisha picha, maandishi na sauti. Alitaka kutengenezea matangazo, akaichoka, diski ikabaki kwenye droo na kitabu chake. Mimi nilikuwa nikiichezea wakati wa chakula cha mchana. Ilifanya kazi kwa kurasa: unaweka picha, unaficha sauti nyuma yake, na mtu akibonyeza picha, sauti inatoka na ukurasa mwingine unafunguka. Nilimwomba bosi niiazime. Nilipomweleza kompyuta yenyewe ilivyo, alicheka, kisha akanipa ushauri ambao nimeutumia hata kwa wanadamu. Alisema mashine nzee haikatai kazi, inakataa fujo. Picha nizikate ziwe ndogo, sauti ziwe fupi, niondoe kila kitu ndani yake kisichohusika, na nisiitake ifanye mambo mawili kwa wakati mmoja.

Mama Mwalimu hakuruka kwa furaha. Alisikiliza maelezo yangu hadi mwisho, akatengeneza miwani, akasema yeye amefundisha kwa chaki na mchanga, na waliotoka mikononi mwake wengine ni madaktari. Nikadhani imeshindikana. Halafu akasema, “Lakini kama wazazi wanataka kompyuta, basi waione kompyuta inayosema kwa sauti yangu.” Akaniuliza tunaanza lini. Aliita kikao cha wazazi, kifanyike mwanzoni mwa Desemba, siku ya Jumapili, na kuanzia hapo tulikuwa na miezi mitatu.

Picha za wanyama hatukuwa nazo, tukawa na Bakari. Alichonga mmoja mmoja, mbuzi, ng'ombe, kuku, tembo, twiga, chura, kila mmoja wa kutosha kiganja, na mpiga picha wa mtaani akawapiga picha juu ya kanga ya Mama. Nilizipeleka Kariakoo nikaziingiza kwenye mashine saa za chakula. Sauti zilikuwa kazi nyingine. Siku ya kwanza Bakari aliulizwa tu kama anamjua mtu anayeweza kulia kama mbuzi. Kijana yule ambaye wiki nzima angeweza kupita na maneno kumi aliinama kwenye kimaiki chetu, akalia mbuzi hadi mbuzi wa jirani akamwitikia. Kumbe alikuwa amechunga utoto wake wote. Alitoa ng'ombe, akatoa chura wa masika, akatoa tembo kwa kupuliza kwenye viganja, na Mama alicheka akashika ukuta. Yeye mwenyewe alirekodi majina na herufi. Tatizo lake lilikuwa kwamba aliisalimia maiki kila alipoanza, kwa sababu huwezi kuanza kuzungumza bila kusalimu. Tuliifuta salamu ya kwanza, ya pili tukaiacha. Mtoto akikosea, Mama alitakiwa kusema neno la kumtia moyo, naye alisema lile alilolisema kila siku kibarazani: “Sema tena, mwanangu.” Kwenye ukurasa wa ng'ombe, wakati Bakari anamalizia, muuza samaki alipita na baiskeli yake nje akinadi vibua. Nilitaka turudie. Mama akasema hapana, ng'ombe huyo ni wa Tabata. Basi ng'ombe wetu akalia mooo, vibuaaa, na watoto hawakutaka aguswe.

Taabu ilikuwa moja, kompyuta ilizimia. Iliwaka vizuri, ikafanya kazi robo saa, wakati mwingine dakika ishirini, kisha kioo kikawa cheusi na kazi yangu yote ambayo sikuihifadhi ikaenda nayo. Nilifuata ushauri wa bosi neno kwa neno. Nilipunguza picha mpaka twiga akawa wa kukisia. Nilimleta fundi, akafungua boksi, akaguna, akasema mashine imezeeka, programu ninayoiwekea ni sawa na kumtwisha bibi gunia la mkaa, ninunue nyingine. Nilimwamini. Niliamini kiasi cha kuanza kuichukia, na mara moja niliipiga kofi, jambo ambalo Mama aliliona na kunionya kwamba chekechea yake haina viboko. Kwa siku nyingi nilifanya kazi kwa robo saa, nikasubiri, nikafanya robo saa tena. Chai niliyokunywa mwaka ule katika kusubiri huko ingetosha kanisa zima.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi nilikaa kwenye kompyuta tangu asubuhi. Mama alikuwa anafua. Jumamosi ilikuwa siku ya vitambaa: vyote vilivuliwa, vikafuliwa, vikatiwa wanga, vikaanikwa uani, na sebule ikabaki na vitu vyake vitupu mpaka jioni. Bakari aliingia na mnyama wake wa mwisho, kobe, akasimama nyuma yangu.

“Dada Tuma,” alisema, “leo mbona haijazimia?”

Nikaangalia saa. Zilikuwa zimepita saa tatu. Bakari akazunguka, akaweka kiganja nyuma ya boksi, penye tundu la feni, akaniita niweke na mimi. Upepo wa moto ulikuwa unatoka. Akasema gogo la mpingo wao wanalifunika ili lisikauke haraka likapasuka, lakini hiki kitu si mpingo, kinapumua. Tulitazama wote wawili dirishani. Vitambaa vya kompyuta vilikuwa kwenye kamba, vinne, hadi kofia ya kipanya, vinameta juani. Hakuna aliyecheka.

Sasa nieleze kosa langu, maana lilikuwa langu na si la kompyuta wala la Mama. Sikumwambia. Bakari naye hakumwambia, lakini yeye alisubiri mimi niseme, kwa kuwa kompyuta ilikuwa kazi yangu. Ningeanzaje? Mwanamke amenipa uji kila asubuhi, ameketi na miwani yake akafuma ua baada ya ua ili kukiheshimu kitu cha watu, nami niende nikamwambie heshima yake ndiyo inayokinyonga? Nilijiambia nitatafuta siku nzuri. Nikitaka kufanya kazi siku za juma nilivitoa vitambaa yeye akiwa jikoni, nikavirudisha kabla hajaingia, kwa mikunjo ile ile. Watoto walijifunza Jumamosi asubuhi, na Jumamosi vitambaa viko kwenye beseni, kwa hiyo mambo yalienda salama. Kufikia Novemba Zuhura, mtoto wa yule muuza vitenge, alikuwa anaandika jina lake kwa kidole kimoja bila kusaidiwa. Mama alijua kompyuta imepona. Alidhani ni mimi niliyeiponya, na sifa alizonipa kwa majirani nilizipokea zote. Siku nzuri ya kusema haikupatikana.

Jumapili ya kikao nilikwenda kwa bosi kuchukua spika za kuazima. Niliporudi, viti vilikuwa vimeshapangwa, na joto la Desemba lilikuwa limekaa sebuleni kabla ya wageni. Mama alinishika mkono akanipeleka kwenye kona. Kompyuta ilikuwa imevaa kitambaa kipya, kimoja kikubwa, kinachoanzia juu ya kioo, kinateremka kisogoni, kinapita juu ya boksi na kushuka nyuma mpaka mezani, kimezungushiwa pindo la maua. Alikuwa amekifuma chumbani kwake mwezi mzima bila sisi kujua. Kilikuwa kitambaa kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvifuma, na wanga wake ulikuwa umekaza kama karatasi.

“Umekionaje?” aliniuliza.

Bakari alikuwa mlangoni na benchi begani. Alinitazama. Nikasema, “Kimependeza sana, Mama.”

Wazazi walijaa, wengi wao akina mama, wamevaa nguo za kutokea. Mama Zuhura alikaa mbele na mkoba mapajani, amekaa kwa namna ya mtu asiyetaka kushawishiwa. Mama Mwalimu alikunja kitambaa upande wa mbele tu, na Zuhura akapanda kwenye stuli. Akabonyeza mbuzi, mbuzi akalia, watu wakacheka kwa mshangao. Akabonyeza ng'ombe, ikatoka mooo na vibua, na sebule nzima ikaangua kicheko, kwa sababu kila mmoja aliijua sauti ya muuza samaki yule. Mzazi mmoja alisema kule kwenye basi la njano ng'ombe wao hana vibua. Nilianza kutulia. Tulipita wanyama, tukapita matunda, tukapita namba. Ilibaki sehemu niliyoitegemea kuliko zote, watoto kuandika majina yao mbele ya wazazi wao. Zuhura aliweka kidole juu ya kibodi, na kioo kikawa cheusi.

Feni ilisita, ikanyamaza. Mama Zuhura alisema taratibu, bila ubaya, “Ndiyo mambo ya mtumba hayo,” na nikaona mwanamke wa nyuma yake akitikisa kichwa kumkubalia. Zuhura mwenyewe hakugeuka. Aliinamia kioo kile cheusi akakiambia kwa upole, kwa sauti ile ile ya Mama Mwalimu, “Sema tena, mwanangu.” Watu walicheka kidogo, lakini Mama Mwalimu hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, mganga wa kompyuta yake, akisubiri niseme kitu. Nikaiona Bukoba na kile kiti cha kivulini. Nilisimama.

“Mama, naomba unisamehe,” nilisema. “Kompyuta ni nzima. Ni kitambaa. Kinaziba pumzi yake, inapata joto, inazima.”

Katika chumba kile hapakuwa na mwanamke ambaye redio yake nyumbani haikuwa imefunikwa. Mama alivua miwani, akaivaa tena.

“Umejua lini?”

“Tangu mwezi wa kumi, Mama.”

“Mwezi wa kumi,” alisema. “Na ukaniacha nikafuma.”

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana sijayasahau maneno hayo. Aliinuka, akakivua kitambaa kwa mikono miwili, akakikunja mara nne, akaketi nacho mapajani. Kisha akawaambia wazazi kwamba mwalimu naye hujifunza, na kwamba mgonjwa apewe nafasi apumue, watu wanywe chai. Bakari alikwenda jikoni akarudi na kipepeo cha jiko la mkaa, akaanza kupepea nyuma ya boksi kwa bidii kama mtu anayewasha moto, na hapo ndipo watu walipocheka kweli. Chai ilipita na maandazi. Mama Zuhura alimaliza lake, akajifuta vidole, akasogea, akapokea kipepeo. Nilimsikia akimwuliza Bakari kwa sauti ya chini kama na televisheni ni vivyo hivyo, maana yake siku hizi inanuka nuka. Tulipoiwasha tena ilinguruma kwa muda wake wa kawaida, hatimaye ukurasa ukafunguka, na Zuhura akaandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kila herufi ikitajwa na sauti ya Mama Mwalimu. Mama yake aliacha kupepea. Alisimama pale na kipepeo hewani hadi herufi ya mwisho, akasema, “Kumbe anajua kuandika.” Alikuwa hajui.

Januari ilipofika, nilisimama ubavuni mwa nyumba na kikombe changu cha uji nikihesabu vichwa kibarazani kama mwenye shule. Walirudi karibu wote, na wa kwanza kuingia getini alikuwa Zuhura, ameshikwa mkono na mama yake. Mama Mwalimu hakwenda Bukoba. Alifundisha pale miaka mingi zaidi, mpaka macho yalipomkatalia, na kompyuta ile ambayo fundi aliikatia tamaa ikafundisha naye. Lakini kuanzia Jumatatu iliyofuata kikao haikuvaa tena kitu, na Mama hakunitamkia neno kuhusu kitambaa, si siku hiyo wala baadaye. Uji uliendelea kuja. Mwezi wa tatu nilihamia Morogoro kwa kuolewa, yeye na Bakari wakanisindikiza, na nilipanda basi nikiwa bado na maneno yale kifuani: ukaniacha nikafuma. Nilikuja kumtembelea mara kadhaa miaka iliyofuata, siku zote kwa haraka, siku zote nikiishia kibarazani, kwa sababu sikupenda kuiona kompyuta ile imekaa uchi kwa ajili yangu. Mara moja alianza kuniambia, “Tumaini, kuna kazi yangu nataka uikague,” wageni wakaingia, nikaaga. Nilidhani ni barua.

Hayo nilikuwa nikiyawaza Jumamosi iliyopita wakati Adela, binti wa kaka yake, alipokuja sebuleni. Walikuwa wamemaliza kugawa vitu vya marehemu kule ndani, vitenge kwa huyu, sufuria kwa yule, na kilikuwa kimebaki kimoja ambacho kiliwashinda. Alikuwa amekishika mikononi, kimekunjwa mara nne.

“Shikamoo, shangazi,” alisema. “Hiki kilikuwa chini kabisa ya sanduku. Baba anasema ni cha meza, lakini mbona kina matundu? Tukadhani panya, ila panya hawafumi.”

Nilikifungua. Pindo la maua nililitambua kabla sijakimaliza. Kilikuwa kile kile cha siku ya kikao, ila sasa kilikuwa na nafasi mbili ndefu ubavuni na duara moja nyuma, na hazikukatwa kwa mkasi. Alikuwa amekifumua mahali hapo, akakifuma upya kuzunguka uwazi, na kila uwazi akauwekea ukingo wa maua madogo. Nilimwuliza Adela kama Mama aliwahi kukitumia. Akasema hapana, walikuwa wakimwona anakitoa, anakitia wanga, anakirudisha. Waliwahi kumwuliza, akasema hakivaliki mpaka Tumaini akikague.

Niliinuka na magoti yangu, nikaenda kwenye kona, nikaivisha kompyuta. Nafasi za ubavuni ziliangukia penye matundu ya ubavuni, na duara likakaa sawasawa juu ya feni, halikupungua wala kuzidi. Nilipitisha kidole kwenye kila uwazi, kimoja kimoja, kama yeye alivyokuwa akipitia daftari za watoto, na safari hii nililia. Adela alisimama akisubiri niseme kitu. Nikamwambia kiko sahihi, kikae hapo hapo, na tukatoka kwenda kula ndizi.